Je, Mbwa Apewe Soseji?

Siku hizi soseji na smoki zimefika mpaka kwenye vituo vya matatu huku vijijini, na vikundi hutuuliza: zikibaki, au zikianza kunuka, si tumpe mbwa tu?

Jibu letu ni kwamba kipande kimoja hakimuui mbwa mkubwa, lakini soseji si chakula cha mbwa, na iliyooza usimpe kabisa. Nyama hizi hutiwa chumvi nyingi ili zisiharibike upesi, na mafuta ili ziwe laini. Mbwa akila nyingi hushikwa na kiu, hutapika na kuhara. Mafuta mengi kwa mara moja huweza kulifanya kongosho lake livimbe. Hapo hukataa chakula, tumbo humuuma sana, na anaweza kufa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni vitunguu. Soseji nyingi hutiwa kitunguu maji au kitunguu saumu, mara nyingi kikiwa unga. Kitunguu, kiwe kibichi, kilichopikwa au kilichosagwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Dalili hazitokei siku hiyo hiyo. Baada ya siku chache utamwona amelegea, ufizi umepauka, mkojo umekuwa wa rangi ya kahawia. Kwa hiyo hata ule mchuzi wa karamu uliojaa vitunguu msimmwagie kwenye ugali wake.

Lakini tuseme ukweli: mbwa wengi wa kijijini hawaonji soseji mwaka mzima. Nyama yao ni ile tunayoitupa siku ya kuchinja, na hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi, tena kwa watoto wetu kuliko kwa mbwa mwenyewe.

Ukipasua mbuzi au kondoo, pengine utakuta kwenye maini au mapafu vivimbe vyeupe vilivyojaa maji, kama malengelenge. Kawaida mchinjaji hukata sehemu ile na kumrushia mbwa. Hebu tuangalie kinachofuata. Ndani ya maji hayo mna vichanga vya tegu. Mbwa akivila vibichi, vinakua matumboni mwake kwa maelfu, kila tegu akiwa na urefu wa milimita chache tu. Mbwa haonyeshi kuugua, ndiyo maana watu hawaamini. Baada ya wiki sita hivi mayai huanza kutoka na kinyesi, yakashika nyasi, maji na manyoya ya mbwa. Mbuzi akila nyasi zile, vivimbe vinaanza upya. Na mtoto akicheza na mbwa kisha ale bila kunawa, vivimbe vitaota ndani yake, polepole, miaka mingi, mpaka tumbo livimbe. Matibabu yake ni upasuaji au dawa za muda mrefu, na yote mawili ni gharama.

Turkana ni mojawapo ya sehemu za dunia zilizosumbuliwa zaidi na ugonjwa huu. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianzisha huko mpango wa kuuzuia, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa mbwa: kupunguza wale wasio na mwenyewe, kuwapa dawa wengine, na kuwafundisha watu wasiwape matumbo mabichi.

Kwa hiyo siku ya kuchinja kwa ajili ya harusi au Krismasi, kikundi kimteue mtu mmoja wa kusimamia vya ndani. Bila mtu huyo mbwa watashinda, tunawajua. Maini au mapafu yenye vivimbe yachomwe kabisa au yafukiwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Mkitaka mbwa ale, yachemsheni kwa nusu saa nzima baada ya maji kuanza kutokota. Kuyababua juu ya makaa hakutoshi.

Dawa ya tegu huyu inaitwa prazikwanteli, na hupimwa kwa uzito wa mbwa. Si kila dawa ya minyoo inayouzwa dukani inamuua, basi mwulizeni bwana mifugo kwa jina hilo. Palipo na ugonjwa mwingi dawa hurudiwa kila wiki sita, kabla tegu hajaanza kutoa mayai. Mkichanga pamoja, mkawapa mbwa wote wa kijiji siku moja, ni afadhali kuliko kila boma kivyake, maana mbwa wa jirani hajui mpaka. Muwafunge mbwa siku mbili tatu baada ya dawa, na kinyesi chao kizolewe kwa jembe na kutupwa chooni.