Watu kumi walianza, sita walimaliza: safari ya mashua mu Grand Canyon

Kila mama mwenye bwana ku mine anajua ile saa. Zamu imekwisha, wengine wamerudi, wako bado. Halafu mutu anapita ku barabara, anasema: «Kule chini kumeanguka.» Nani aliona? Hakuna. Lakini habari imekwisha kuingia mu kila nyumba.

Mwaka wa 1869, kule Marekani, mama mumoja, jina lake Emma Dean Powell, alipata habari ya namna ile. Magazeti yaliandika kwamba bwana yake na watu wake wamekufa mu maji, kwamba mutu mumoja tu njo alipona. Ule mutu alikuwa anazunguka na kusimulia aksida yote. Emma hakukubali. Bwana yake alikuwa amemutumia barua, na tarehe yake ilikuwa nyuma ya ile siku ambayo, kufwatana na ule mutu, wote walizama. Mutu mufu haandikake barua. Emma alisema waziwazi: ni uongo.

Na kweli ilikuwa uongo. Lakini bwana yake, John Wesley Powell, alikuwa mu hatari ya kweli.

Mukono mumoja, mashua ine

Powell alikuwa mwalimu na mutu wa kusoma mawe, wale wanaitwa géologues. Mukono wake wa kuume ulikatwa mwaka wa 1862, kisha kupigwa risasi mu vita ya Shiloh. Alitaka kujua muto Colorado unapita namna gani mu Grand Canyon, bonde refu lenye kuta za mawe. Katika sehemu zingine mutu akisimama chini ku maji, ukingo wa juu uko zaidi ya metre 1.500 juu ya kichwa chake. Ku karte ya Marekani, ile inchi ilikuwa nafasi nyeupe tu.

Tarehe 24 mwezi wa 5, mwaka wa 1869, watu kumi walitoka Green River, kule Wyoming, na mashua ine za mbao. Walibeba posho ya miezi kumi: unga, nyama ya nguruwe, matunda makavu, kahawa. Tena walibeba baromètres za kupima urefu wa inchi. Siku hizi watu wanashuka ule muto na mashua za kaucho zenye kujaa hewa, gilet ku kifua na kaske ku kichwa. Wao walikuwa wanavuta makasia na mugongo ukiangalia mbele, ni kusema wale wenye kuvuta hawakuona kule wanakwenda.

Siku 16 tu, muto ukawaonyesha nguvu yake. Tarehe 9 mwezi wa 6, mashua moja, jina lake No Name, haikufika ku ukingo kwa wakati. Maporomoko yaliikamata, ikavunjika ku mawe. Watu watatu waliokuwa ndani waliokolewa, lakini posho mingi ilikwenda na maji. Kesho yake walirudi ku vipande kutafuta baromètres. Walizipata, na walipata tena pipa ndogo ya pombe kali, ambayo mukubwa hakujua kama iko mu mashua. Mutu wa mine hatashangaa hata kidogo!

Kusoma ukuta

Toka hapo walijifunza kazi. Wakisikia mungurumo mbele, wanasimama, wanatembea ku ukingo kuangalia. Kama maji yanapitika, wanapita. Kama hapana, wanafunga mashua na kamba na kuishusha polepole. Kama kamba haitoshi, wanatoa mizigo yote na kuibeba pamoja na mashua juu ya mawe. Siku nzima inaisha kwa kilometre chache. Usiku wanalala ku muchanga. Kama hakuna muchanga, wanatafuta nafasi kati ya mawe.

Maporomoko yenyewe yanatoka wapi? Mu bonde kubwa, mabonde madogo yanaingia ku upande. Mvua kali ikinyesha, maji yanasukuma mawe makubwa mpaka mu muto, na muto unafungika nusu. Tena kuna ukuta wenyewe. Pale jiwe ni laini, muto unafungua njia pana. Pale jiwe ni gumu, njia inakuwa nyembamba na maji yanakasirika. Wale watu walianza kuangalia kuta sawa vile mutu wa mine anaangalia toit mbele ya kuingia. Jiwe gumu, jeusi, likitokea, wote wananyamaza. Likizama tena chini ya muto, moyo unatulia.

Njaa nayo iliingia. Unga ulikuwa umelowana na kukaushwa mara nyingi, ukaoza na kushikamana mabonge. Walichukua chandarua cha mbu, wakafanya chujio, na wakatupa zaidi ya kilo 90. Katikati ya mwezi wa 8, ilibakia unga mubaya wa siku kumi, matunda kidogo, na kahawa mingi. Wamama wanaosoma hapa, mwenye kupika bukari kila siku anajua siku kumi kwa wanaume wa kazi nzito ni kitu gani.

Usiku wa tarehe 27

Tarehe 27 mwezi wa 8, lile jiwe gumu lilirudi. Mbele yao kulikuwa maporomoko mabaya kupita yote waliyoona. Kuta zilisimama wima. Kubeba mashua kuzunguka haikuwezekana.

Kisha kula, Oramel Howland aliomba Powell watembee pembeni, wao wawili. Alimwambia: yeye, mudogo wake Seneca, na William Dunn wameamua kutoka. Watapanda bonde la upande na kutafuta vijiji kwa miguu. Powell hakulala. Alipima nafasi yao na nyota, akahesabu umbali uliobakia, akatembea ku muchanga mpaka asubuhi. Aliamsha wengine, mumoja mumoja, akawauliza. Watano walisema: tunaendelea.

Hapa tusihukumu haraka. Wale watatu hawakuwa waoga. Ndugu wawili wa Howland ni wale waliovunjikiwa na No Name, maji waliyajua. Walisema shauri lao mangaribi, uso kwa uso, wakati wengine bado wana saa ya kufikiri. Hawakungojea mpaka mashua iko katikati ya maporomoko. Na mukubwa hakuwalazimisha. Aliwapa bunduki, mupishi akawaachia mikate, na wao walisaidia kupitisha mashua juu ya mawe. Powell aliwapa barua ya Emma. Sumner, rafiki yao, aliwapa saa yake wampelekee dada yake, kama yeye atakufa. Kila upande uliamini kwamba ule mwingine njo unakwenda kufa.

Mashua moja iliachwa pale. Wale sita waliingia mu maji na mbili. Kisha dakika chache tu walikuwa chini, wazima. Walipiga bunduki hewani, ni kusema: inapitika, mukuje! Waliongoja. Hakuna mutu alitokea. Tarehe 29, kuta zilifunguka, Grand Canyon ikaisha nyuma yao.

Wale watatu hawakuonekana tena. Mwaka wa 1870 Powell aliambiwa kwamba watu wa kabila la Shivwits waliwaua kwa makosa, wakiwazania wachimbaji waliokuwa wameua mwanamuke. Mpaka leo kuna wenye kubishana juu ya hadisi ile. Miili haikupatikana. Yale maporomoko yalipewa jina la Separation, ni kusema Kuachana, na nyuma yakafunikwa na maji ya barrage ya Hoover.

Watu wenye wavu

Siye wa Kolwezi tunajua pia bonde lenye kufungwa na barrage: Lualaba ku Nzilo, pale maji yaliyokuwa yanaanguka kati ya mawe yanaleta leo umeme mu mine. Muto ukifungwa, kelele inanyamaza. Hadisi inabakia.

Tarehe 30 mwezi wa 8, siku 99 toka mwanzo, wale sita walifika pale muto Virgin unaingia mu Colorado, kisha karibu kilometre 1.600. Walikuta watu wanavuta wavu wa samaki. Wale wavuvi walikuwa wameambiwa waangalie muto vizuri, juu ya vipande vya mashua na vitu vya wafu. Walitafuta vipande, wakaona watu wazima wenye njaa.

Basi, siku mutu atapita ku barabara na kusema «kule chini kumeanguka», mama, umuulize kwanza: nani aliona? Saa ngapi? Na wewe baba, kama ukuta unakuambia kitu, ukiseme mbele ya kushuka, kwa kapita, uso kwa uso, sawa vile Howland alifanya ule mangaribi ku muchanga.