Mafuta Yanakokwenda Kati ya Iringa na Mbeya

Iringa mjini iko mita zipatazo 1,600 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mita 1,700 na ushei. Asiyeijua njia hiyo anaweza kudhani kilomita takriban 330 zinazoitenganisha miji hiyo ni tambarare. Dereva wa Noah za abiria atamcheka. Barabara ya TANZAM hupanda kwanza hadi Mafinga, karibu mita 1,900, huenda hadi Makambako, kisha huteremka kuelekea Igawa na bonde la Usangu, kwenye mita 1,100 hivi. Ikishapita Chimala na Igurusi inaanza kuyapanda yote iliyoyashuka: Inyala, kona, malori yanayojikokota, mpaka Uyole.

Lawama za mafuta hutupiwa huko kwenye mlima. Lakini mlima una hesabu yake, na hesabu hiyo si ya kutisha. Gari dogo lenye watu wawili, uzito wake kama kilo 1,300, linahitaji takriban mililita 150 za petroli za ziada kwa kila mita 100 za kupanda. Kutoka Usangu hadi Uyole ni kama mita 700. Basi mlima mzima hula lita moja hivi juu ya kile ambacho gari lingekula kwenye tambarare.

Sasa litazame gari hilohilo vijijini. Dereva anaingia kijijini akiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, anaona kibao cha 50, anakumbuka trafiki wenye tochi, anakanyaga breki. Akimaliza nyumba ya mwisho anakanyaga mafuta arudi kwenye 100. Kitendo hicho kimoja humgharimu mililita 40 au zaidi kidogo. Akikirudia mara ishirini, na kwa wingi wa vijiji vya barabara hii mara ishirini si nyingi, amekwisha kulipa mlima wa Uyole mwingine ambao haumo hata kwenye ramani. Angetembea na 80, gharama hiyo ingeshuka kwa karibu nusu. Angeachia mafuta mapema, mita mia kadhaa kabla ya kibao, gari lingeingia kijijini likiwa limepunguza mwendo lenyewe, na breki zingepumzika.

Kuachia mafuta si sawa na kuweka gia huru. Hapa ndipo imani ya madereva wengi wa nyanda za juu inapowapeleka pabaya. Katika injini za kabureta, gari liliendelea kunyonya mafuta hata mguu ukiwa umetoka kwenye pedeli, na dereva aliyeshuka kwa gia huru aliokoa kitu. Injini za leo zinazoongozwa na kompyuta hufanya kinyume: gari likishuka likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya pedeli, sindano za mafuta hufungwa kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka gia huru, sindano hufunguka tena ili injini isizimike. Kwa hiyo anayeshuka kutoka Makambako kwa gia huru anachoma mafuta ambayo mwenzake aliye ndani ya gia hachomi.

Na hilo ni la mafuta tu. Gari lililo kwenye gia huru halina kitu cha kulizuia isipokuwa breki, na breki zikipata moto hazishiki. Mlima Kitonga kabla ya kufika Iringa, Inyala, na mteremko wa Mbalizi ng'ambo ya Mbeya si mahali pa kugundua jambo hilo. Magari mengi ya otomatiki yana kitufe cha O/D au herufi kama 2, L, S au B kwenye gia. Vimewekwa kwa ajili ya miteremko ya namna hii, na wakati wa kupanda huizuia gia isibadilike-badilike kila kona.

Kuna habari njema pia. Hewa ya Mafinga na Mbeya ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15, na upepo unaolipinga gari barabarani hupungua kwa kiasi hichohicho. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kadiri inayokaribiana na hiyo, ndiyo maana IST iliyoruka vizuri Chalinze inaonekana imechoka ikifika Inyala. Kuchoka huko hakumaanishi inakula zaidi: kompyuta hupima hewa inayoingia na kupunguza mafuta ilingane nayo. Ila faida hii haidumu mbele ya mwendo kasi. Kutoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa, ukinzani wa upepo unakaribia kuongezeka maradufu.

Keria tupu nayo inastahili kushushwa. Wasafiri wengi wanaotoka Dar es Salaam husimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu kabla ya kupanda Kitonga, kisha hujilaumu kwa uzito. Gunia la kilo 100 likipandishwa mita 700 hutumia mafuta yasiyofika mililita 100, chini ya nusu ya glasi. Gunia hilo likifungwa juu ya paa hubishana na upepo hadi mwisho wa safari, na huko ndiko mafuta yanakokwenda. Liwekwe ndani.

Upande wa sheli, bei kikomo hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mji kwa mji, na mtu anaweza kuiuliza kwa simu kwa kupiga *152*00#. Sheli inaruhusiwa kuuza chini ya bei hiyo, si juu yake. Julai 2023 lita ya petroli Dar es Salaam ilikuwa shilingi 2,736; Agosti ikawa 3,199. Aliyejaza lita 40 Jumanne, tarehe 1 Agosti, alilipa shilingi 18,520 pungufu ya aliyejaza Jumatano. Mbeya huuziwa ghali kuliko Dar es Salaam kwa sababu ya nauli ya malori, na mara nyingi tofauti imekuwa karibu shilingi 100 kwa lita au zaidi. Kejeli ni kwamba bomba la TAZAMA, lenye kilomita 1,710, linapita katika mikoa hii hii, lakini dizeli iliyomo ni ya Zambia.

Wapo wanaowahi sheli alfajiri ya Julai, Mbeya ikiwa na baridi kali, wakiamini kwamba mafuta ya baridi yamesinyaa na lita inabeba zaidi. Ni kweli petroli hutanuka kwa karibu asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto. Lakini inakaa kwenye tangi chini ya ardhi, ambako joto halibadiliki sana kati ya alfajiri na adhuhuri. Kwa lita 40, faida ni mililita 40 au 80, nayo inaisha mtu akiliacha gari lingurume dakika kumi ili lipate moto. Liwashwe, liondoke taratibu; litapata moto njiani.

Matairi yana kichekesho chake. Upepo uliojazwa Dar es Salaam mchana ukipimwa Mbeya, kimo huongeza psi 2.5 hivi kwenye kipimo, na baridi ya asubuhi huondoa karibu kiasi hichohicho. Kipimo kinaweza kusoma kama kawaida siku ya kwanza, kisha tairi likipata moto juani kikapanda. Upimwe matairi yakiwa baridi, kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa kila psi moja inayopungua kwenye matairi yote manne hupoteza takriban asilimia 0.2 ya mafuta.

Anayetaka kujua gari lake linakula kiasi gani aache kununua mafuta ya elfu ishirini ishirini. Ajaze Iringa mpaka pampu ikate yenyewe, aandike kilomita, aende Mbeya na kurudi, ajaze tena kwenye pampu ileile, kisha agawe kilomita kwa lita zilizoingia. Safari ya upande mmoja haitoshi, kwa sababu anayemaliza safari Uyole amelipa mlima, na anayeishia Igawa ameteremka bure.