Walisikilizwa New York, lakini hawakuwa na kura

Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, chini ya Mlima Meru, kupisha mashamba ya walowezi wa Kizungu. Nyumba zao zilichomwa moto. Wananchi wakachangishana nauli, na mwaka 1952 Mmeru mwenzao Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, akayafikisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York. Kamati iliyomsikiliza iliwaunga mkono. Baraza Kuu halikufikisha theluthi mbili za kura zilizotakiwa, na ardhi haikurudi wakati huo.

Wakati huo Tanganyika ilikuwa na Baraza la Kutunga Sheria tangu 1926, ila wajumbe wake waliteuliwa na gavana. Hakuna aliyemhitaji mkulima wa Ngare Nanyuki ili abaki kitini, basi hakuna aliyelazimika kujali kilio chake. Kwangu mimi, hapo ndipo ilipo thamani ya kura: mwombaji hutegemea huruma ya mtawala, mpigakura humfanya mtawala amtegemee yeye.

Kura ilipofika, 1958, ilifika na masharti. Ilibidi uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotambuliwa. Kisha ulilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ukimwacha yeyote, kura yako imeharibika. TANU, chama kilichodai uhuru, ilibishana vikali mjini Tabora kabla ya kukubali kushiriki. Jimbo la Kaskazini lilipiga kura Septemba, na Sophia Mustafa wa Arusha akawa miongoni mwa washindi. Ila nchi nzima, yenye watu karibu milioni 9, waliojiandikisha hawakufika 60,000. Wengi wa waliochangia nauli ya Kirilo wasingeweza kuvuka kizingiti hicho.

Leo Katiba inampa haki hiyo kila raia aliyefikisha miaka 18. Aprili 1, 2012, Arumeru Mashariki, jimbo lenye Ngare Nanyuki ile ile, lilimchagua Joshua Nassari wa upinzani katika uchaguzi mdogo wa kiti kilichokuwa cha chama tawala. Uupende au usiupende uamuzi huo, ulifanywa na wakazi wenyewe.

Kijana wa Usa River, Tengeru au Ngaramtoni uliyetimiza miaka 18, na wewe uliyehama kata: daftari likifunguliwa, nenda ukajiandikishe au urekebishe taarifa zako.