Nani Ameshika Listi?

Wengi wenu mlituomba tuongee kuhusu kujipanga: shule, kazi, nyumba, na simu za ndugu zisizoisha. Leo tuongee kuhusu kitu kidogo kabisa, karatasi yenye majina ya vitu.

Twende kwanza Gare du Nord, au Noordstation ukipenda. Ukitokea upande wa Schaerbeek, hatua chache tu uko Rue de Brabant, ule mtaa unaokwenda sambamba na reli. Jumamosi mchana masanduku ya safari yamepangwa nje ya maduka, vitambaa vinaning'inia, birika zinang'aa. Angalia watu walioshika simu. Wengi hawaongei na mtu, wanasoma listi. Na mara nyingi aliyeshika simu ni binti wa miaka kumi na tisa hivi. Mama yuko mbele anapapasa kitambaa na kubishana bei, mdogo wa kiume yuko nyuma na sikio lake lina muziki. Binti ndiye anayejua kipi kimenunuliwa, kipi bado, cha nani, na kwamba Jumanne kuna barua ya kujibu.

Kabla sijasonga mbele: vitabuni neno ni orodha. Kwetu, kwa Kiswahili cha Bukavu, tunasema listi, basi. Nitatumia yote mawili, msinitumie ujumbe.

Kwa nini tuandike wakati tuna kumbukumbu nzuri? Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha utafiti alioufanya Berlin: watu walikumbuka zaidi kazi walizokatizwa katikati kuliko zile walizozimaliza. Yaani jambo lisiloisha linabaki linagonga mlango kichwani, hata ukiwa darasani, hata ukiwa umelala. Halafu mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, E. J. Masicampo na Roy Baumeister, walionyesha kitu cha kufurahisha: si lazima umalize kazi ndipo ikuache. Ukipanga waziwazi lini na vipi utaifanya, inapunguza kelele. Kwa hiyo kuandika "komini" peke yake hakusaidii sana. Andika "Jumanne, 9h00, komini, picha mbili na kitambulisho cha zamani." Na hiyo saa iandike kwa tarakimu, tafadhali. Mama anayehesabu saa za Kiswahili akisema saa tatu asubuhi anamaanisha saa tisa ya Ubelgiji, na kuna miadi imekufa hapo katikati.

Lakini listi ninayoipenda kuliko zote haikuandikwa kwa ajili ya mtu mmoja. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji, yenye mambo 19 tu. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani: London, Toronto, Seattle, New Delhi, Amman, Auckland, Manila, na moja iko Ifakara, Tanzania. Ndiyo, Ifakara, mji mdogo wa Morogoro, kwenye bonde la Kilombero. Matokeo yalitangazwa Januari 2009. Kwa hospitali zote nane pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Sasa ukiisoma hiyo orodha unaweza kusema, hee, ni haya tu? Mgonjwa ni nani, anapasuliwa wapi, vitambaa na sindano vimehesabiwa? Daktari bingwa hajui hayo? Anajua. Ila orodha inasomwa kwa sauti, mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Na kabla ya kukata, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Muuguzi mpya akishasema jina lake, kusema "subirini, kuna kitu hakiko sawa" hakumtishi sana. Kwa maoni yangu nguvu yote iko hapo. Kile ambacho mtu mmoja alikuwa amekibeba kichwani sasa kiko hewani, na kila mtu amekisikia.

Turudi kwenye sanduku. Anayekwenda Bukavu kutoka hapa mara nyingi hushukia Kigali, kisha barabara mpaka mpaka wa Rusizi. Safari nyingi za daraja la kawaida zinahesabu kilo 23 kwa begi moja, na sanduku tupu tayari limekula tatu au nne. Maombi yenyewe yanakuja kwa sauti za WhatsApp: shangazi dakika nne, baba mdogo dakika saba (salamu peke yake dakika tatu), binamu anaimba. Mtu lazima asikilize na kuandika.

Hapo nina habari njema kwa wale mnaosema "nasikia Kiswahili lakini siwezi kukiandika." Listi ni maandishi rahisi kuliko yote. Haina vitenzi, haina nyakati. Sufuria. Miwani. Viatu. Hata ngeli unaikwepa: ukiandika 2, hakuna atakayekuuliza kama ni mbili, viwili au wawili. Andika lile neno alilolitumia shangazi, usitafsiri kwa Kifaransa, na mbele yake weka jina la anayepelekewa na uzito. Bila majina, kilo zinakwenda kwa aliyepiga simu nyingi. Ukiweka majina unaona mara moja kwamba bibi, ambaye hajaomba kitu, hana hata gramu mia.

Na kitu kizito hakisahauliki, kinakutazama sebuleni wiki nzima. Kinachobaki Brussels ni kile chepesi: miwani ya babu yenye vipimo vyake, iliyosubiriwa miezi sita.

Lakini nani ameshika hiyo listi? Kwetu Kongo, yaya ni dada au kaka yako mkubwa. Kenya, yaya ni mtu anayelipwa kulea watoto. Mayaya wengi wa Brussels wanafanya kazi ya Kenya kwa mshahara wa Kongo. Wanakumbuka bima ya afya, karatasi za shule za wadogo, siku ya kuzaliwa ya shangazi. Wakipongezwa, wanaambiwa "huyu ana akili sana." Akili anayo. Lakini siku akihamia Ghent kusoma, nyumba nzima inagundua kwamba listi ilikuwa ndani ya kichwa chake, na imeondoka naye kwa treni.

Nyumbani tumebandika karatasi kwenye friji, si kwenye simu ya mtu. Kila mstari una jina la anayefanya. Usiku wa kuamkia safari mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anagusa kitu chenyewe ndani ya sanduku na kusema "kipo." Anayesoma ni mdogo wa kiume, kwa makusudi. Akikwama kwenye neno, mama anamtamkia kutoka jikoni, na anarudia. Tunaanza na vyepesi: miwani, dawa, pasipoti, chaja. Sufuria mwisho.