Vipande vya palete: ipi ya kuchukua, ipi ya kuacha

Nyuma ya usini zetu za shaba na kobalti, tangu Likasi mpaka Kolwezi, kunaonekana mulima wa mbao: palete zenye kuvunjika, masanduku ya vipande vya mashini, na yale magurudumu makubwa ya mbao yenye kuzungushiwa kable ya umeme. Zingine zinachomwa, zingine zinaoza na mvua. Na jioni mama ku nyumba anahesabu falanga za makala.

Wazee wetu wanajua faida ya mbao kama hizo. Mwaka wa 2003, wakati Gécamines iliachilia watu zaidi ya 10.000 kwa ile mupango ya « départs volontaires », mwenye alikuwa na musumeno na nyundo mu lupango alikuwa angalau na pa kuanzia.

Lakini mbele ya kushika musumeno, soma alama. Palete zenye kutoka inje ya inchi ziko na chapa yenye herufi IPPC na picha ya suke la ngano. Herufi mbili zinaonyesha inchi ilimotengenezwa: ZA ni Afrika ya Kusini, CN ni China. Halafu angalia zingine mbili. HT, maana yake mbao ilipashwa moto mpaka digrii 56 ndani kabisa, dakika 30, juu ya kuua wadudu. Hiyo ni muzuri. MB, maana yake walivukiza bromiri ya metili, gazi ya sumu. Hiyo uache. Yenye haina chapa hata moja, tumia kwa kazi ya inje tu.

Na HT yenyewe haitoshi. Alama inasema namna mbao ilitengenezwa, haisemi kitu gani kilimwangikia ku usini. Ukiona doa la njano, mafuta, ao mbao yenye kulika na asidi, acha. Masanduku ya zantati, ile dawa ya flotasio, yasitoke ku usini hata kama mbao yake inapendeza macho: ikipata maji inatoa gazi ya sumu yenye kushika moto. Masanduku ya baruti vilevile. Na traverse za zamani za reli, zenye mafuta meusi, usitie mu mbabula. Moshi yake si ya kupikia bukari. Hata mbao safi inabeba vumbi ya kazi yetu. Ipanguse na kuiosha inje, mbali na watoto, na ukianza kukata uvae kashe-ne.

Kuvunja palete, watu wengi wanapiga tu na nyundo, na mbao inapasuka. Misumari yake iko ya kusokotwa, haitoki kwa nguvu. Ingiza lame ya musumeno wa chuma kati ya ubao na kipande kinene, ukate musumari, ubao unatoka muzima. Palete ya namna ya Ulaya, mita 1,20 kwa 0,80, iko na mbao 11, vipande vinene 9, na misumari 78. Ukiwa na subira, unapata kitu.

Kitu cha kwanza mimi nashauri si meza wala kabati. Ni fasi ya buti. Tunatoka kazi na vumbi ya kobalti ku viatu na ku nguo, tunaingia moja kwa moja pale mutoto anatambaa. Chukua mbao tano, uzipange na nafasi ya vidole viwili, upigilie juu ya vipande vinene vyenye kushika kila ubao, uweke inje ya mulango. Vumbi inaanguka chini, unaimwangia maji. Kando yake weka sanduku lenye kifuniko kwa kombinezo. Hiyo ni kazi ya nusu siku, na bibi hatakuuliza tena juu ya matope mu salo.

Vipande vinene vyenye kubakia vinakuwa miguu ya kiti cha mutoto. Mbao fupi, kiota cha kuku. Lakini mwiko wa bukari, hapana, na ubao wa kukatia mboga, hapana: vitu vya kugusa chakula tafuta mbao ya pori. Hata mupini wa nyundo unataka mbao ngumu, yenye nyuzi za kwenda sawasawa tangu mwanzo mpaka mwisho. Ya palete itakuvunjikia mu mukono.

Unga wa musumeno pia usitupe, kama ni wa mbao safi. Chukua kopo la rangi lenye liko wazi, ulichome kwanza inje mpaka rangi iishe. Toboa tundu pembeni, chini. Ingiza fimbo moja kupitia tundu, ingine isimame katikati, zikutane. Shindilia unga ukiwa mukavu, ukaze kabisa, halafu toa fimbo polepole. Washa kwa chini. Unawaka saa nyingi bila kuongeza kitu. Upike inje, ao pale upepo unapita. Ndani ya nyumba ya kufunga, gazi yake inaua watu wakiwa wanalala.

Sasa neno la sindika. Mutu anaona palete mu takataka, anaibeba ku kinga, na pa mulango balinzi banamushika: « Uliiba. » Mu kazi yangu ya delege niliona mwenzetu akifukuzwa juu ya mbao tatu, ku kampuni yenye ilikuwa inachoma zingine kila juma. Kwa hiyo, bila bon de sortie yenye saini, usitoe hata kipande, hata kama shefu alisema « beba tu ». Neno la mudomo halijulikane pa mulango.

Ku usini kwenye hakuna mupango, delege aandike jambo hili ku ordre du jour ya mukutano na kampuni wenye kuja: siku moja ya juma ya kutoa mbao, shefu mumoja wa kutia saini, na orodha ya mbao za kukatazwa, ibandikwe pa mulango kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Na batu ba sous-traitance bapewe sehemu yao. Bao ndio banapakua hizo palete.