Kufufua Mashine ya Muziki ya Sarafu

Katika miaka ya 1970, benga ya mwambao wa Ziwa Victoria, ya akina D. O. Misiani na George Ramogi, ilitolewa zaidi katika santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, aina ileile inayopigwa na mashine ya muziki ya sarafu, yaani kabati linalochagua santuri baada ya mteja kutumbukiza pesa. Fundi wa Kisumu anayefufua mashine kama hiyo iliyoundwa Marekani hukabiliwa kwanza na umeme: transfoma hushusha volti 240 za Kenya hadi 120, lakini haigeuzi masafa, hivyo mota iliyoundwa kufuata hezi 60, ikipewa 50, huzungusha santuri mara 37.5 tu kwa dakika, na benga, ambayo uhai wake ni kasi ya gitaa, hulegea mpaka kuchukiza. Hapo hubadilishwa kapi ya mota. Grisi iliyoganda na kapasita zilizokauka ni kazi ya kawaida.

Lango la sarafu ndilo gumu zaidi, kwa kuwa hupima kipenyo na uzito, kisha sumaku yake hunasa chuma ili kuzuia sarafu bandia. Shilingi ya Kenya ya mwaka 1966, ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, hupita katika lango lililorekebishwa kwa kipenyo chake. Shilingi ya leo, ya chuma kilichopakwa nikeli, hunaswa. Kung'oa sumaku ni rahisi, ingawa ni heri mwenye mashine aweke sarafu kuukuu kaunta na kuwabadilishia wateja.