Maumbo ya kompyuta: riziki haitaki pupa

Wanafunzi wangu huniuliza iwapo kuunda maumbo kwa kompyuta, yenye urefu, upana na kimo, kwaweza kuwalipia karo. Naam, kwaweza, lakini mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Zana si kisingizio. Blender ni programu isiyo na malipo, na ndiyo iliyotumiwa kuunda Flow, filamu ya Mlatvia Gints Zilbalodis iliyotwaa tuzo ya Oscar mwaka wa 2025. Kinachohitajika ni ustadi. Anayeanza na achague fani moja: michezo ya kompyuta hutaka umbo lenye nyuso chache lisiloelemea mashine, ilhali umbo la kuchapwa liwe kitu halisi halipaswi kuwa na ufa wala ukuta mwembamba mno.

Kabla ya kutafuta wateja, na akamilishe kazi chache safi za mkono wake. Anayenakili ya mwenziwe huuza mali isiyo yake. Akidaiwa ada ndipo apewe kazi, akatae katakata: mwajiri hulipa, halipwi.

Walimu wenzangu, tusiwabeze vijana hawa. Tuwaonyeshe kwamba jiometri wanayoikimbia darasani ndiyo msingi wa chumo wanalolitafuta.